Muuza Majiko ya Jua Aliyepika kwa Mkaa

Tarehe 30 Juni, mwenzetu wa idara ya mauzo, ambaye wateja na wafanyakazi humwita Mzee Kivuli, atastaafu baada ya kuitumikia kampuni hii kwa miaka thelathini na moja na miezi minne. Katika muda huo ameuza majiko ya jua elfu mbili na mia sita, amechelewa kazini mara moja, na ameomba hafla yake ya kuagwa ifutwe mara moja. Kuchelewa kulisababishwa na pancha. Ombi la kufuta hafla linahitaji maelezo.

Alipoajiriwa, kampuni iliuza kwa hotuba. Ilikodi ukumbi, ikaeleza habari za moshi na miti inayokatwa, ikagawa soda. Watu walipiga makofi kwa dhati, wakamaliza soda, kisha wakapitia dukani kununua mkaa. Baada ya hotuba tisa na jiko moja lililouzwa, tena kwa shemeji yake, Mzee Kivuli aliomba ruhusa ya kwenda kukaa majumbani mwa watu.

Utaratibu wake haujabadilika tangu siku hiyo. Huketi uani kwa mteja nusu siku kabla ya kumwuzia chochote, akiandika daftarini nani anatoka saa ngapi, nani anapika, na kivuli cha nyumba kinaangukia wapi saa sita mchana. Hapo ndipo alipopatia jina lake. Jiko letu ni sanduku lenye kioo, na hupaswa kugeuzwa kila nusu saa ili lifuate jua. Lisipogeuzwa, chakula huiva kwa wakati linaotaka lenyewe.

Dereva mmoja wa lori, aliyeishi peke yake na kurudi nyumbani magharibi, alikuja na pesa mkononi akakataliwa. "Dereva, wewe na jua hamkutani nyumbani," aliambiwa. Nesi wa zamu za usiku alikuwa mteja bora kuliko wote. Aliweka maharage asubuhi, akalala hadi saa kumi, akaamka yameiva. "Baba, mimi nalala, maharage yanafanya kazi," alimwambia. Kinyozi naye alinunua jiko kubwa kabisa, hakuwahi kulipikia hata yai. Aliliweka mlangoni kwa sababu linang'aa, wateja wakawa wanajitazama ndevu humo. Taulo mbili ziliungua, naye hakulalamika.

Mwezi Aprili bawaba ya jiko la nesi ililegea, akalipeleka nyumbani kwa Mzee Kivuli litengenezwe. Alimkuta mwenyewe uani, amechuchumaa, anapepea jiko la mkaa kwa kipeperushi cha kampuni yetu.

"Baba, hata wewe?"

Wodi nzima ilijua kabla ya jioni. Ukweli ni kwamba alikwisha kupeleka majiko matatu nyumbani kwake. La kwanza mkewe alianikia leso, la pili alihifadhia vitunguu, la tatu kuku walitagia. "Mume wangu," alimwambia, "wewe unauza jua, mimi napika chakula. Tusiingiliane kazi."

Mzee Kivuli alikwenda kwa meneja akasema hafla isifanyike. Hakuwa tayari kusimama mbele ya watu asifiwe kwa jambo lililomshinda uani mwake. Meneja alimpa likizo ya siku ishirini na nane akafikiri.

Alipokuwa likizoni alifanya jambo ambalo hakuwahi kulifanya kwa miaka thelathini na moja: aliketi nyumbani kwake na daftari. Aliona kwamba mkewe, wifi wa mkewe, na jirani yao fundi cherehani hukaa pamoja jikoni kuanzia saa nne, wakimenya na kuongea. Aliona pia kwamba hakuna anayependa kuinuka, maana anayeinuka ndiye anayesengenywa. Jiko la jua lilitaka mtu wa kuinuka. Siku ya tano aliandika: "Wapishi watatu, siri nyingi, jua la kutosha."

Siku ya sita alihamishia jiko moja la jua nyuma ya nyumba, mahali pasiposikika neno, akapanga zamu ya kuligeuza kila nusu saa. Sababu alimweleza mkewe peke yake.

"Zamu ya kwanza mpe wifi yangu," mkewe akasema. "Na hilo jiko lisogeze mbali zaidi."

Ndani ya wiki mbili jiko la mkaa lilipelekwa stoo. Kila mmoja wa wale watatu anaamini kwamba wanaosengenywa ni wenzake, na fundi cherehani ameagiza jiko la kwake. Moshi umekwisha na miti imepona, ingawa hakuna aliyeitaja.

Kwa hiyo hafla ipo. Chakula cha leo kinapikwa na mkewe kwa jiko hilo, na tutakula saa tisa na nusu, si saa saba kama ratiba inavyosema. Mawingu yakitanda, tutakula mkate.

Mzee wetu, tunakushukuru kwa kutufundisha kuwatazama watu kabla ya kuwahubiria. Kapumzike kwa afya na furaha. Sasa utashinda nyumbani, nawe utapangiwa zamu. Ikifika, nenda kageuze jiko, wala usiharakishe kurudi.