Uzi Ulionasa Kwenye Jino Lililozibwa

Mama zangu, shikamooni. Wenzangu, hamjambo. Nimesimama hapa na hasira yangu, msiniambie niiache mlangoni. Nikimaliza nitaitua.

Mwanangu alipokuwa na miezi mitano, gego langu moja lilitoboka. Nikaenda kuliziba. Mtu wa meno akatia madini ya rangi ya fedha, akasema, "Hili utazeeka nalo." Maumivu yakaisha, nikashukuru.

Wiki chache tu, ufizi wa ubavuni mwa jino lile ukavimba. Nikiugusa kwa mswaki, damu. Nikaacha kupiga mswaki upande ule, eti nauhurumia. Kinywa kikanuka. Sasa sikieni upumbavu wangu, mimi niliyefika sekondari: nikaanza kula tambuu. Mate yake mnayajua, mekundu. Nani angejua natema damu? Mama mkwe akafurahi. "Leo umekuwa mtu wa nyumba hii!" Akawa ananikunjia mwenyewe, chokaa inanichoma kidondani, nami natabasamu.

Lakini ufizi haukuniuma kama hili. Mwanangu akinyonya hupenda kunitia vidole kinywani. Kwa harufu ile nikawa nageuza uso. Siku moja akaacha. Wenzangu, mtoto wa miezi saba alikwisha kujua kuwa mamaye hataki.

Nikarudi kwa yule bwana. Hata kitini hakuniweka. "Mambo ya uzazi hayo. Njoo Alhamisi, tung'oe mawili." Mawili! Na miaka yangu ishirini na miwili!

Jumatano nikala embe, nyuzi zikanasa menoni. Nikakata uzi wa kudarizia, nikaupitisha. Kwenye jino lililozibwa ukakwama, ukachanika, ukatoka na damu. Meno mengine yote ulipita. Nikarudia, vilevile.

"Damu ya nini hiyo, mwanangu?" Mama mkwe amesimama nyuma yangu. Nikalia, nikamweleza yote, hata habari ya tambuu. Akatema tambuu lake palepale. "Na mimi nakukunjia kila siku!"

Alhamisi alimbeba mtoto, tukaenda. Nikamwonyesha yule bwana uzi wangu.

"Nani kakufundisha udaktari?"

"Na wewe nani kakufundisha kutibu bila kutazama?" mama mkwe akamjibu. "Mtazame mwanangu."

Akatazama kwa kioo chake kidogo. Madini yalikuwa yamefurika nje ya jino, yakafanya ukingo juu ya ufizi, chakula kinaoza chini yake. Hakung'oa kitu. Alikwangua, akalainisha, mpaka uzi ukapita. Akaniagiza nipasugue polepole kila siku, hata damu ikitoka kidogo. Kuniomba radhi, hakuniomba. Hasira yangu ndiyo hiyo.

Ufizi ukanywea, damu ikakoma, meno yangu ninayo.

Mama mkwe yule pale, msimtazame, ataona haya. Ahsante, mama. Wangapi wana mkwe wa kuwasemea hivyo?

Nanyi, jino likizibwa na ufizi ukavimba, msiseme ni uzazi. Rudini, mseme, "Nitazame." Wala damu msiifiche kama mimi.

Mtoto hakunirudia upesi. Juzi, ananyonya, akainua kidole, akakisimamisha karibu na mdomo wangu, ananitazama, anangoja.

Nikaufungua.