Curtis Odell Weathersby: Miaka Kumi na Sita, Timu Kumi na Moja

Ndugu waombolezaji, mimi ni Lorene, mdogo wa marehemu, nawasomea maisha ya kaka yetu kwa niaba ya familia, na wifi yangu Rhonda, mjane wake, ameniagiza nisifiche kitu.

Curtis alizaliwa tarehe 3 Mei 1964 hapa Moline, Illinois, mtoto wa kwanza wa mzee Odell, fundi wa kiwanda cha matrekta, na mama Vernell, mpishi wa shule, akasoma hapa hapa, ambako mwalimu wake wa darasa la nne aliandika kwenye ripoti kwamba kiti cha Curtis kilibaki kipya mwaka mzima, akahitimu sekondari mwaka 1982, kisha akaenda chuo huko Iowa kwa ufadhili wa futiboli ya Kimarekani.

Julai 1986 ligi kubwa ilimjaribu kwa siku tisa, ikamrudisha kwa sababu ya ufupi, akafunga matairi gereji hadi Aprili 1988, timu ya Korongo wa Peoria ilipomwita kwenye futiboli ya ukumbini, ile ya uwanja nusu, zulia limetandikwa juu ya barafu ya kutelezea, kuta za magodoro pembeni na mashabiki nyuma yake tu, mchezaji yule yule akishambulia na kulinda bila kupumzika, na kaka akasema hatimaye amepata kazi isiyomtaka akae.

Tarehe 20 Mei 1989 aliruka kudaka mpira, akapita juu ya ukuta, akaangukia mapajani mwa muuguzi aitwaye Rhonda Pickett, naye akamwambia, "Umemwaga bisi zangu zote, na hata hodi hukupiga!" Curtis akajibu, "Hodi, dada," wakafunga ndoa tarehe 16 Juni 1990, wakajaliwa Janelle mwaka 1991 na Terrence mwaka 1994.

Timu saba kati ya kumi na moja alizochezea zilivunjika, na kila moja ilipovunjika alikuwa na begi mlangoni kabla ya barua kufika, na hata Juni 1997, alipoumia shingo ukutani na daktari kumwambia aache kabisa, alisaini kwa siri na timu ya Wichita, Rhonda akazisikia habari redioni akiwa jikoni, akamwambia, "Waage watoto mwenyewe, Curtis, mimi nimechoka kuwa tarishi wako." Aliwaaga, akaenda, na Rhonda akawalea peke yake kila msimu hadi Agosti 2004, magoti yalipomrudisha nyumbani, akaendesha lori la mikate kwa miaka kumi na moja.

Mwaka 2015 alianza kusahau majina, madaktari wakasema ni vile vipigo vya kichwa alivyopata uwanjani, na kila Ijumaa alifungasha nguo akidai basi la timu linamwacha, wala Rhonda hakubishana naye, alimsaidia kukunja mashati, wakazunguka mtaa pamoja hadi achoke.

Ijumaa ya tarehe 11 Februari 2022, asubuhi, akiwa kitandani na homa ya mapafu, alimshika Rhonda mkono, akamwuliza, "Na wewe unasafiri?" Rhonda akamjibu, "Tangulia, mume wangu, nishikie nafasi ya dirishani," naye akafumba macho, akafariki saa nne kasoro. Wifi anasema katika miaka yote ile ya safari Curtis hakuwahi kumwuliza swali hilo.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, jirani yetu mzee Kowalczyk aliyemrudisha nyumbani mara zisizohesabika bila kumwaibisha, madereva wenzake wa mikate, na wachezaji wenzake waliosafiri kutoka majimbo sita, wengine kwa magongo, kuja kumbeba.

Kaka Curtis, tulikukasirikia sana, tukakupenda vilevile. Mungu akupe pumziko lenye amani.