Bi. Arlys Kolarik, Muuza Tiketi Aliyekuwa Kambare

Kwanza naomba radhi. Wasifu huu ulitakiwa utoke kwenye toleo la Septemba, na sasa theluji imefunika uwanja hata kituo cha nyumbani, pale anaposimama mpigaji, hakijulikani kiko wapi. Niliahidi kuuandika wiki ileile. Binti yangu akaanza kuota meno, akafuata mafua, kisha mimi nikayapokea mafua yake kama zawadi. Bi. Arlys amesubiri miezi yote hii bila kunung'unika. Lakini kunyamaza ndiyo kazi iliyomlisha, kwa hiyo tusimsifu sana kwa hilo.

Bi. Arlys Kolarik alistaafu Jumapili, tarehe 1 Septemba 2019, baada ya kuitumikia timu yetu ya besiboli, Kambare wa Gossard, kwa miaka ishirini na saba. Kwa mujibu wa ofisi, muda wote huo alikuwa muuza tiketi. Sisi tuliokaa naye dirishani tunashuhudia kwamba tiketi alizouza hazijazi kofia.

Ukweli kila mfanyakazi anaujua na hakuna anayeruhusiwa kuutamka. Nauandika hapa kwa sababu jarida hili husomwa na wafanyakazi tu, tena si wote. Bi. Arlys ndiye alikuwa Sharubu: yule kambare mrefu wa sponji anayecheza mbele ya majukwaa, mwenye sharubu za kamba na miguu miwili ambayo Mungu hakumpa kambare yeyote.

Hakuiomba kazi hiyo. Kiangazi cha mwaka 1992, mwanafunzi wa chuo aliyekuwa akivaa lile vazi alivua kichwa katikati ya mchezo, akasema hata soseji haichomwi namna hii, akaenda zake kwao Dubuque. Meneja wa wakati huo alitoka nje kutafuta mtu wa kimo kile, akamkuta msichana mpya dirishani, mrefu kama mlingoti. "Leo tu, Arlys," akambembeleza. "Kesho tutapata mtu." Hiyo kesho imemchukua mpaka amepata wajukuu.

Masharti ya kazi ni matatu. Sharubu hasemi. Sharubu havui kichwa mbele za watu. Na Sharubu hastaafu, kwa sababu mnyama wa timu hazeeki. Ni mtu wa ndani ndiye anayezeeka, na huyo hayupo.

Hivyo mtu maarufu kuliko wote katika mji huu akawa hajulikani na yeyote. Meya alimpa Sharubu ufunguo wa mji, akamwita "bwana mwenye moyo wa dhahabu". Wiki hiyohiyo Bi. Arlys alisimama kwenye foleni ya duka la vyakula, nyuma ya wanawake wawili. "Mimi nasikia ni mlevi mmoja kutoka Davenport," alisema wa kwanza. "Ndiyo maana anayumba." Wa pili akamjibu, "Mlevi au si mlevi, mume wangu hajawahi kunichekesha vile." Bi. Arlys alilipa mkate wake, akawatakia siku njema. Alitusimulia kisa hicho akiwa anashona pezi lililochanika, na hatukujua kama tucheke au tumshike mkono.

Sasa niseme juu ya kuyumba kwenyewe, maana ndiko kulikomfanya Sharubu awe Sharubu. Msimu wa tatu alipanda juu ya paa la banda la wachezaji kucheza, mvua ilikuwa imenyesha, akateleza. Goti la kushoto likageuka. Majukwaa yakaangua kicheko hadi bisi zikamwagika. Kesho yake alirudi kazini akiburuta mguu, na mji mzima ukadhani ni dansi mpya. Mzee Delbert Oakes, mpiga kinanda wetu, akautungia mguu ule muziki: mpigo mmoja mzito, mmoja wa kuburuta. Mwisho wa msimu watoto waliburuta miguu kwenda shule, na maharusi waliburuta miguu kwenye sherehe zao. Hakuna aliyeuliza kama inauma. Nani anamuuliza samaki?

Baada ya miaka kumi na kitu alipata madaktari, wakalitengeneza goti. Alirudi akitembea wima kama askari. Ilikuwa siku mbaya kuliko zote alizofanya kazi hapa. Watu walizomea. "Feki huyo! Mrudisheni Sharubu wetu!" Mtoto mmoja alilia mpaka akatolewa nje. Meneja mkuu wetu, Dwight Sandvik, ambaye ndiyo kwanza alikuwa ameajiriwa, alimwita ofisini na kumwambia kwa huzuni ya kweli, "Arlys, daktari amekuharibu." Kuanzia mchezo uliofuata, mwanamke mwenye goti zima aliburuta mguu ili watu waamini kwamba ni yeye. Ameuburuta hivyo mpaka mwisho.

Alipoandika kwamba anastaafu, aliomba kitu kimoja tu. Hakuomba saa wala keki. Aliomba, mchezo wa mwisho ukiisha, asimame kwenye kituo cha nyumbani na kuvua kichwa, watu wamwone uso mara moja, kisha aende nyumbani.

Waswahili wanasema nyumba ya kambare kila mtu ana sharubu, na ofisi yetu ndivyo ilivyo. Kikaoni walikuwapo meneja mkuu, meneja wa masoko, na kijana wa matangazo, na wote walikuwa wakubwa. Mimi nilikuwa nimetoka likizo ya uzazi, nimeitwa kuleta kahawa, nikasikia.

"Bi. Arlys, watoto watalia," alisema Sandvik.

"Watoto wataniuliza nina umri gani, basi. Watakaolia ni wewe na Rhonda wa masoko."

"Sharubu ni mali ya timu," Rhonda akasema. "Hata ule mwendo ni mali ya timu."

"Goti je?"

Wakaamua hivi: Bi. Arlys ataitwa uwanjani na kupewa ngao kama muuza tiketi, na Sharubu ndiye atakayemkabidhi maua. Waliona ni busara kubwa. Ilichukua muda kabla kijana wa matangazo hajauliza Sharubu atakuwa nani, ikiwa Sharubu anapokea. Wote watatu wakageuka, wakaniangalia mimi na birika la kahawa. Kimo changu nimerithi kwa baba.

Alinifundisha ule mwendo kwenye chumba cha kufulia, mtoto wangu akiwa amelala kwenye kapu la jezi. Nilikuwa nakunja uso na kuguna. Akanikatiza. "Usiigize maumivu, mwanangu. Umezaa juzi tu, unajua mambo haya. Mguu unavuta, wewe unapunga mkono." Hakutaja tena ombi lake. Nilimwambia ni vibaya walivyomfanyia. Alinifunga kamba za sharubu vizuri, akasema, "Punga kwa mkono wa kulia. Wa kushoto una tundu."

Siku ikafika. Mchezo tulishindwa, kama ada. Mtangazaji akamwita "muuza tiketi wetu mpendwa", na majukwaa yakapiga makofi yale ya adabu, makofi ya watu wanaotafuta funguo za gari. Mimi nilitoka upande wa kulia na maua yangu, ndani ya kichwa kinachonuka siki ya kukisafishia, nikiona dunia kupitia tundu la mdomo. Nikaburuta.

Bi. Arlys akatoka upande wa kushoto, gauni la bluu, nywele nyeupe zimechanwa. Naye akaburuta.

Kwanza walicheka. Walidhani bibi wa tiketi anamwiga Sharubu, utani wa mwisho wa msimu. Kisha Mzee Delbert akaanza kupiga ule muziki. Ndani ya vazi nilijitahidi kuukamata, nikaukosa kila hatua, kwa sababu hakuwa akinipigia mimi. Mpigo mzito, mpigo wa kuburuta: kinanda kilimfuata mwenye gauni la bluu hatua kwa hatua, na kicheko kikaanza kupungua, safu moja baada ya nyingine.

Nikasikia sauti ya mtoto kutoka safu za chini. "Mama! Sharubu ni yule wa gauni!"

"Acha ujinga, Sharubu ni yule samaki."

"Huyo siye! Huyo anatembea vibaya!"

Hapo ndipo watu walipoanza kusimama. Hawakupiga kelele. Walisimama kama kanisani, kofia zikivuliwa, na mwanamke mmoja mwenye mfuko wa duka la vyakula akajiziba mdomo kwa mkono. Sijui kama ni yule wa kwenye foleni, ila napenda kuamini ni yeye. Bi. Arlys alifika, akapokea maua, akapokea ngao iliyoandikwa "Idara ya Tiketi", akaupungia umati kwa mkono wa kulia. Hakusema neno. Hakuvua kichwa chochote. Masharti yote yalizingatiwa, na Sandvik hakupata la kumshtaki, ingawa nilimwona akifuta miwani kwa muda mrefu kuliko miwani inavyohitaji.

Watu huniuliza kama alikusudia au ni mazoea tu ya mguu. Wiki iliyofuata nilimwona kwenye maegesho ya benki akitembea wima, haraka, kama mtu aliyekopeshwa magoti mapya. Yeye hajasema, nami simuulizi.

Mafanikio yake mengine ofisi haina kumbukumbu nayo, kwa hiyo kwa niaba ya wote tunamuaga rasmi muuza tiketi wetu. Asante, Bi. Arlys, kwa tiketi zile chache. Ukae vizuri na wajukuu, utembee utakavyo, na usiburutwe tena na mtu.

Msimu unafunguliwa Aprili, nami ndiye niliyeachiwa vazi, "kwa leo tu", amesema Sandvik. Kwa kuwa jarida hili utalipata kwa posta, naomba unitumie hivi: ule uzi mnene wa kijivu wa kushonea mapezi, kile kifeni kidogo cha betri kinachokaa ndani ya kichwa, kipimo cha siki na maji, maana nimekisia na mtoto anakataa kunikumbatia, na kiatu cha kushoto, kilicholika ukingo wa ndani kwa kuburutwa. Cha kulia nimekikuta kabatini. Rhonda anasema atanunua jozi mpya. Nimekwisha kujaribu kipya. Kinatembea sawasawa.