Mahujaji Wasio na Bakuli

Basi la kwenda Beigang, mji wa hekalu huko Taiwan, lilikuwa likijikokota nyuma ya msafara wa mahujaji wa Mazu, mungu mama wa bahari, na abiria Giok-lan hakuwa na pa kuyapeleka masikio yake. Wawili walioketi mbele yake walikuwa wamekutana humo humo, na tayari walikuwa wanagombana.

"Mwaka huu hekalu letu limesema asiye na bakuli lake asipakuliwe," alilalamika Siok-hun, mama aliyepakata sufuria kubwa ya tambi za kuwagawia mahujaji bure. "Jana nimemrudisha bibi kizee aliyetembea tangu alfajiri. Sijalala, mzee wangu. Mwanangu alipopona niliweka nadhiri: kila hujaji atakula!"

"Nadhiri yako, mama, inaishia shambani kwangu," akajibu mkulima mwenye kofia ya majani. "Msafara ukipita, naokota mabakuli ya karatasi kwenye majaruba ya mpunga mpaka kiuno kinalia. Mwaka jana yaliziba mfereji, miche yote ikaoza."

"Kwa hiyo wafe njaa?"

"Waje na bakuli! Ubani wamekumbuka, simu wamekumbuka, bakuli ndilo zito?"

Giok-lan aliona wote wana haki, jambo lisilomsaidia mtu.

Dereva akazima injini, akafungua mlango. Njia imefungwa, akasema, atakaye kushuka ashuke. Siok-hun akashuka na sufuria yake, na papo hapo hujaji mmoja aliyejaa vumbi akamnyooshea viganja vitupu, bila bakuli. Akafunua sufuria, akashika upawa, kisha akageuka kulitazama basi. Mkulima alikuwa amesimama dirishani, akimtazama.