Mama Ruguru Anastaafu, Shimo la Pili Bado

Baada ya miaka thelathini na mmoja katika kiwanda chetu cha kahawa karibu na Karurumo, Bi. Peninah Ruguru anastaafu tarehe 30 Septemba. Kamati imeniomba niandike maneno matamu. Nitajaribu, ingawa mama huyu amenitoa jasho.

Kazi yake ilikuwa kusimamia uchambuzi: kahawa mbivu huku, mbichi kule. Hakujali mkubwa wala mdogo. Siku moja alimrudisha mwenyekiti wetu na gunia lake, kisha akamrudisha mumewe mwenyewe, na tunasikia chakula cha jioni kililiwa kimya.

Lakini lililotuchosha ni lile la mto. Maji machafu ya kiwanda tulikuwa tukiyaachilia humo, na huko chini, kijijini kwa Ruguru, kina mama wa kikundi chake wanachota ya kunywa. Walilalamika, wakaguzi wakaja. Walikuja Agosti, mashine zimelala, mto unang'aa, wakaandika kwamba maji ni safi, wakanywa soda, wakaenda. Mwaka uliofuata, Agosti tena. Jamani, nani hukagua kiwanda cha kahawa wakati hakuna kahawa?

Basi Novemba moja, katikati ya mavuno, kina mama walileta magunia yao, wakapanga foleni, wakayakalia. Ruguru akavua aproni, akaleta gunia lake pia, akaketi nao. Hakuna kumwaga hata debe moja mpaka mkaguzi afike. Kahawa iliyochumwa lazima iingie mashineni siku hiyo. Ikilala inachacha, na hiyo ndiyo karo ya watoto wao. Meneja wetu, Bwana Gitari, alimwambia arudi kazini au afutwe. Mimi, karani wa mizani, nilimsihi, kisha nikamfokea. Aliniuliza kama nimewahi kumwogesha mtoto kwa maji yale. Jioni mkaguzi akafika, viatu vikazama kwenye uchafu, na shimo la kuchujia maji machafu likachimbwa. Gunia la Ruguru lilikuwa limeshachacha.

Shimo moja tu. La pili, lililoahidiwa na kamati, hadi leo ni vigingi na nyasi, na la kwanza hufurika kila mavuno. Kila mkutano anauliza, kila mkutano anajibiwa mwaka ujao. Inaudhi sana, na safari hii hasira yangu si kwake.

Asante, Mama Ruguru, kwa kahawa safi na kwa kutusumbua. Tunakutakia mapumziko mema nyumbani. Kamati ikumbuke tu kwamba nyumbani kwake ni pale chini, mto unapopita, na Novemba hii hatuna tena kazi ya kumtishia nayo.