Vikombe Vitatu vya Kuruvila Plathottam (1947–2024)

Marehemu Kuruvila Varkey Plathottam alizaliwa Jumatano, tarehe 3 Septemba 1947, karibu na Pala, ng'ambo ya mto Meenachil, akiwa mtoto wa kwanza wa marehemu Varkey, mgema wa utomvu wa mpira, na marehemu Mariam. Miaka mitatu baadaye alizaliwa mdogo wake, Eliamma, ndiye anayewasomea haya. Amekataa mtu mwingine asisome, na mtaona kwa nini.

Alisoma shule ya parokia kuanzia mwaka 1953 hadi alipomaliza darasa la kumi mwaka 1964. Walimu walimkumbuka kwa hesabu mbovu na vidole vyepesi. Mwaka 1957 alikuwa akijifunza kuficha yai kiganjani jikoni kwa mama. Mama akaingia ghafla, yai likaenda mfukoni, na kengele ya kanisa ikalia. Lilipasuka wakati wa mahubiri. Kuruvila alikaa wima bila kupepesa jicho mpaka baraka ya mwisho, na suruali akafua Eliamma. Hajawahi kushukuriwa kwa hilo, lakini leo si siku ya kudai.

Kazi yake alifundishwa na Kunjahamed, Mwislamu wa Malappuram, aliyekuja kila mwaka sikukuu ya somo wa parokia na kutandika gunia nje ya lango la kanisa. Alikuwa na vikombe vitatu vya shaba na vipira vya kitambaa, basi. Vipira vilihama chini ya vikombe huku macho ya watu yakivitazama, na mwisho kikombe kilifunuliwa kikakutwa na kitu ambacho kisingeweza kuwamo. Mwaka 1962 Kuruvila aliomba afundishwe, Kunjahamed akacheka. Mwaka uliofuata aliomba tena, akapewa chai. Mwaka 1964 aliomba mara ya tatu. Kunjahamed akatoa jani la tambuu, kipande cha popoo na rupia moja, akamwapisha palepale.

Ndivyo ulivyokuwa utaratibu wa ukoo wa wachezaji wa vikombe, vizazi na vizazi. Anayeomba mara moja ana hamu tu. Anayeomba mara mbili ana adabu. Hupewa yule anayeomba mara tatu, katika miaka tofauti, bila kuambiwa kwamba kuna hesabu. Mwalimu haruhusiwi kumdokezea wala kumkumbusha. Kuruvila alimweleza Eliamma jambo hilo mwaka 1970, akamwambia alizike moyoni, naye akalizika.

Mwaka 1971 alianzisha kundi lake, watu kumi na mmoja na lori moja, wakizunguka kutoka Thrissur hadi Changanassery. Wapo waliomwita mchawi. Padre wa wakati ule alimnyima ukumbi mpaka alipokwenda kumwonyesha mchezo mezani, na padre akacheka hadi akapaliwa na chai. Kisha ikaja televisheni, watu wakakaa nyumbani. Sheria ya wanyama ilipokazwa, njiwa wa jukwaani wakaondoka. Kumbi zikageuzwa za harusi, na harusi zikataka muziki wa kupasua masikio. Lori liliuzwa mwaka 1991. Kuruvila alirudi kwenye vikombe vitatu na meza moja, akawa anazunguka kati ya wageni wa harusi wakisubiri wali. Waliosema ameporomoka hawakumjua. Yeye alisema jukwaani unadanganya watu mia tano kwa mbali, lakini mezani unamdanganya mtu mmoja aliyekushika mkono, na hapo ndipo penye kazi.

Alifunga ndoa na Thressiamma Jumatatu, tarehe 11 Februari 1974. Siku ya posa, baba yake Thressiamma aliuliza, "Kijana anafanya kazi gani?"

"Anafanya vitu vipotee," mshenga akajibu.

"Na dhahabu ya mwanangu nayo?"

"Hiyo, mzee, ataitunza. Akiipoteza hajui kuirudisha."

Mzee alicheka, ndoa ikapita. Walijaliwa Sheeja mwaka 1976 na Biju mwaka 1979. Sheeja alikuwa na miaka tisa alipoanza kulala ndani ya sanduku la mchezo wa kumkata mtu kwa msumeno. Alikatwa mara nyingi kuliko mkate wa nyumba hii, naye hakufundishwa hata kitendo kimoja cha mkono. Hivyo ndivyo wasichana walivyofanyiwa katika kazi hii. Walikatwa, wakapotezwa, wakarudishwa, wakapigiwa makofi, wakaenda zao.

Mwaka 1988 Sheeja alisema, "Appachan, nifundishe vikombe." Baba yake akacheka. Mwaka 1994 aliomba tena. Kuruvila aliingia jikoni mwenyewe, akarudi na chai, akampa kwa mikono miwili. Thressiamma alidhani mumewe ameugua, maana hakuwahi kuwasha jiko tangu ndoa. Sheeja aliinywa chai ile akaelewa kwamba amekataliwa kwa upole. Hakuomba tena. Alijifunza ushonaji, akawa fundi wa nguo za maharusi, akaolewa mwaka 1999. Baba yake alisubiri, na Eliamma, aliyejua yote, alifunga mdomo kwa sababu aliahidi. Alidhani huo ndio uaminifu. Wapo wajinga wanaojiita waaminifu, na mmoja wao amesimama hapa mbele yenu.

Mwaka 2016, kwenye harusi ya Changanassery, Kuruvila alikuwa katikati ya mchezo msichana mdogo aliposema kwa sauti, "Kipira kipo mkono wa kushoto. Nimeona kwenye simu." Kijana mmoja wa mjini alikuwa ameirekodi siri yote kwa dakika tatu na kuirusha mtandaoni. Malaki ya watu walikuwa wameitazama. Wageni walicheka, Kuruvila akacheka nao, akafungasha vikombe. Nyumbani hakugusa chakula.

"Kula samaki, anapoa," Thressiamma alimwambia.

"Miaka hamsini na miwili, Thressiamma. Dakika tatu."

"Wewe nawe. Kila mtu anajua mkate wa appam ni mchele na nazi. Nionyeshe wangapi wanaitoa ikiwa duara."

Alikula. Baada ya wiki mbili alirudi kazini, na kila aliyesema anaijua siri alikaribishwa ashike vikombe mwenyewe mbele ya watu. Hakuna aliyefika kikombe cha pili. Lakini mialiko ilipungua, na vijana wawili waliokuja kutaka kufundishwa waliomba mara moja, wakachekwa, wakaenda kuangalia simu.

Mwaka 2019 mikono yake ilianza kutetemeka. Daktari alisema ni ugonjwa wa Parkinson. Hakukubali kuacha. Februari 2020 alicheza siku ya wazee wa parokia, na vikombe havikuwahi kwenda vizuri vile. Watu walisimama wakapiga makofi, wengine wakilia. Njiani kurudi alimwambia Eliamma, "Leo nimewaibia."

"Umewaibia nini, kaka? Umewafurahisha."

"Hawakuutazama mkono. Waliuonea huruma wakageuza macho. Ningeweza kuficha kuku pale mezani. Kumgeuza mtu macho kwa ufundi ni kazi yangu. Kumgeuza kwa ugonjwa wangu, hapana."

Hakucheza tena mbele ya watu. Vikombe vilikaa juu ya kabati, na siri yake nayo ikakaa. Hapo Eliamma alianza kukosa usingizi. Kaka yake alikuwa akiondoka na kitu ambacho mtu mmoja tu alistahili kupewa, na mtu huyo alikuwa akishona mtaa wa pili, hajui kama amebakiwa na ombi moja.

Juni 2022 Eliamma alikwenda dukani kwa Sheeja akamwambia, "Nenda kamwombe baba yako vikombe."

"Shangazi, aliniambia hapana mara mbili."

"Hakukwambia hapana hata mara moja. Alikupa chai. Nenda, na usiniulize zaidi."

Alivunja ahadi ya miaka hamsini na miwili, tena kwa makusudi, na amekwisha kuungama kwa padre. Padre alimuuliza kama anajuta. Akasema anajuta kuchelewa.

Sheeja alikwenda jioni ile ile. Kuruvila alikuwa kibarazani, Thressiamma akimlisha uji. Sheeja akasema, "Appachan, nifundishe vikombe."

Mzee alisukuma kando bakuli la uji. Kisha akasema, "Hii ni ya tatu."

"Mimi sikuwa nahesabu, Baba."

"Mimi nilikuwa nahesabu."

Akaagiza jani la tambuu, popoo na rupia moja. Mkono ulitetemeka mpaka jani likadondoka mara mbili, na Sheeja hakumsaidia kuliokota, maana alijua baba yake asingependa.

Kwa mwaka mmoja na nusu alifundisha kwa mdomo tu, akiwa amekaa nyuma ya bega la binti yake. Alikuwa mwalimu mkali mno. "Usifiche mkono, ukiuficha watautazama." "Mbona uso wako unasema uongo? Mkono useme uongo, uso ukae na wageni." Sheeja alilia mara kadhaa, na mara moja alimrushia kikombe. Vidole vya mshonaji vilijua kazi kabla ya yeye kujua. Kufika Krismasi ya mwaka jana mzee aliacha kumsahihisha, akawa anasinzia.

Jumapili, tarehe 7 Januari 2024, baada ya misa na muhogo kwa samaki, Sheeja aliweka vikombe kwenye sinia mbele ya baba yake. Hakukaa upande wake tena, alikaa mbele yake, mahali pa mchezaji. Kuruvila alichagua kikombe cha katikati. Kilipofunuliwa kilikutwa na kitu ambacho kisingeweza kuwamo, naye akafungua mdomo, akautazama uso wa binti yake, akatazama sinia.

"Imekuwaje?" akauliza.

"Appachan, wewe ndiye uliyenifundisha."

"Najua. Imekuwaje?"

Biju anasema ni dawa zilizomchanganya. Thressiamma anasema huyu mtu amejifanya kushangaa kwa miaka hamsini, kwa nini siku hiyo iwe kweli. Eliamma ameutazama uso ule miaka sabini na tatu, na anasema kaka yake alidanganyika. Kwa mara ya kwanza tangu alipoapishwa alikaa upande wa watazamaji, akayaona aliyokuwa akiwapa.

Kisha akasema, "Rudia."

Anayeijua kazi hii anajua kwamba mchezo haurudiwi mbele ya mtu yule yule, hata akiwa mfalme. Chumba kizima kilimtazama Sheeja. Baba alikuwa amebakiza siku chache na sote tuliliona hilo. Nani angemlaumu?

Sheeja alifunika vikombe kwa kitambaa. "Sirudii, Appachan."

Kuruvila alicheka, machozi yakamtoka, akampiga Biju gotini akisema, "Umemsikia? Umemsikia huyu?" Aliendelea kutabasamu hadi alipolazwa kitandani.

Alifariki nyumbani Alhamisi, tarehe 18 Januari 2024, saa kumi na moja alfajiri, akiwa na miaka sabini na sita, mkewe akiwa amemshika mkono. Ameacha mjane, Thressiamma, mwana, Biju, na mke wa Biju, wajukuu wanne, dada mmoja asiyejua kutunza siri, na binti, Sheeja Kuruvila, mchezaji wa vikombe.

Kazi yake duniani imekwisha, mikono yake imetulia. Mungu ampe pumziko na amani yake.