Sekunde Tisa za Mzee Osea

Benchi la kahawa la Shaban limeegemezwa kwenye ukuta wa duka la fotokopi la Twaibu, Tunduma, hatua chache kutoka foleni ya malori yanayosubiri kuvuka kwenda Zambia. Ni ubao mmoja juu ya matofali, na wakaaji wake wa kudumu ni wawili. Kuna Ashraf, wakala wa mizigo mpakani, ambaye kwa ujuaji wake kijiwe kilimpa uwaziri bila wizara, akawa Waziri. Kuna pia Zabron, aliyeendesha malori miaka kumi na mbili, anaitwa Ndola kwa sababu hana hadithi isiyopitia mji huo wa Zambia. Alasiri hiyo ya Juni 2012 Twaibu naye alikuwa ametoka kukaa nao, kikombe mkononi kimepoa, macho yakiwa barabarani zinakotokea kosta za Vwawa.

Alikuwa anaogopa, na haki yake aogope. Mwezi wa tatu alirekodi kwaya moja ya Ruanda, kule Mbozi, katika chumba cha nyuma alichokizungushia magodoro akakiita studio. Malori yalisikika kwenye kila wimbo, kwa hiyo aliisafisha rekodi kwa programu aliyoishusha bure mtandaoni, akachoma CD. Kabla CD hazijachukuliwa, Mzee Osea, besi mkuu wa kwaya, akafariki. Baada ya mazishi wenzake walizichukua wapate kumsikia, na hawakumsikia. Sauti nyembamba zilikuwepo, ingawa kama watu wanaimba ndani ya pipa. Besi haikuwepo kabisa. Jumapili iliyofuata wangeweka msalaba kaburini, na mwenyekiti wa kwaya, Mama Roda, alikuwa njiani kuja kuchukua ile rekodi ya mwanzo, isiyoguswa. Twaibu alishaifuta ili kompyuta ipate nafasi, na kwenye simu hakuthubutu kumwambia.

— Hiyo programu uliipata bure? Waziri alimuuliza.

— Bure. Wameiandika watu wa nchi mbalimbali, wakaiacha wazi. Ukitaka unasoma ilivyotengenezwa, ukiweza unaibadilisha.

— Basi umeliwa hapo hapo. Nani akupe kitu kizima hivyo asitake chochote? Wanachukua sauti, kaka. Soprano wamekuachia kwa kuwa soprano wanazo. Besi ya Kinyiha wataipata wapi?

— Waifanyie nini? Shaban aliuliza huku akimimina.

— Wanaunda mashine ya kuimba. Utawasha redio siku moja, utasikia kwaya ya Ulaya, nyuma yake mzee wa Ruanda anaunguruma. Imevuka mpaka bila hata karatasi moja ya forodha.

Ndola aliweka kikombe chini.

— Waziri, aliyechakachuliwa ni wewe. Twaibu, siku ile kulikuwa na malori ya shaba barabarani?

— Siku gani hayapo?

— Mnaona sasa. Shaba inavuta. Nimeibeba mimi, mukwai, bwana wangu, najua. Redio ya lori ukishapakia shaba inabaki na sauti nyembamba tu, kwa sababu nene ni nzito, inavutwa nyuma kwenye mzigo. Besi ya mzee iko bandarini Dar saa hizi, inangoja meli.

— Acha fiksi, Waziri alisema. Shaba haivuti hata msumari.

— Msumari hauimbi.

— Mimi nalaumu magodoro, Shaban alisema. Godoro kazi yake kulaza. Mtu mzima umemsimamisha katikati ya magodoro manane, sauti itaacha kusinzia?

Siku nyingine Twaibu angecheka mpaka kahawa imwagike. Alichojua yeye kilikuwa kidogo na cha aibu: alisikilizia kazi yake kwenye vispika vya kompyuta visivyotoa besi, akaridhika.

Kosta ilisimama. Mama Roda alishuka, kitambaa kichwani, vidole vimekolea utomvu wa kahawa aliyochuma asubuhi. Walimwamkia wote, Ndola akainuka kumpisha.

— Marahaba wanangu. Twaibu, nimeifuata.

— Mama, sitakudanganya. Ile ya mwanzo niliifuta. Haipo.

Mama Roda aliketi. Aliweka mikono mapajani, na Twaibu akaona ni afadhali angemtukana.

— Hebu nieleze ulichofanya mpaka baba yetu akapotea.

— Kabla ya wimbo wa kwanza niliwaomba mnyamaze huku mashine inarekodi. Kile kipande ambacho watu wamenyamaza ndicho unachoipa programu. Unaiambia, hii ndiyo kelele, isikie vizuri, popote utakapoikuta iondoe. Nami niliongeza nguvu mpaka mwisho, maana malori yalikuwa mengi.

— Ulipotuambia tunyamaze, wewe ulikuwa wapi?

— Nilitoka. Nilienda kumwomba dereva wa lori lililokuwa nje azime injini.

— Basi ndiyo maana. Sisi tulinyamaza, Osea hakunyamaza. Mwalimu wa kwaya alishatupa sauti ya kuanzia, na wa kuishika ni yeye, midomo kafumba, anaivumisha chini kwa chini mpaka tuanze. Miaka thelathini ndiyo kazi yake. Akiiachia, kila mtu anaanza na ya kwake.

Kumbe programu haikukosea hata kidogo: ilipewa sauti ya Mzee Osea, ikaambiwa iondoe, ikamfuata wimbo hadi wimbo.

— Kile kipande nacho ulikifuta?

Twaibu alimtazama, kisha akasimama haraka. Kile hakukifuta. Alikitenga peke yake ili akitumie kwa nyimbo zote sita, na tangu siku ile hakuwahi kukisikiliza, maana nani anasikiliza kimya? Aliingia ndani, Mama Roda nyuma yake, Waziri na Ndola wakaishia mlangoni. Akavaa visikilizio vikubwa vya masikioni, akabonyeza. Injini ilitetema, ikazimika. Chini yake alikuwepo mtu, ameshika sauti moja nene, hatetereki.

Alivivua, akamvisha Mama Roda juu ya kitambaa. Sekunde tisa. Mama Roda alisikiliza kiganja kikiwa juu ya meza.

— Rudia.

Akarudia. Mara ya nne mama alilia bila kujificha, akajifuta kwa ncha ya kitenge, kisha akainama kwenye kioo cha kompyuta kusoma jina la kile kipande ili Twaibu amwekee kwenye CD.

— Twaibu.

— Naam, mama.

— Hapa umeandika KELELE. Kelele ni nani?

Hakuuliza kwa ugomvi. Twaibu alikuwa ameshika kipanya. Aligeuka kuwatazama wenzake mlangoni, na Waziri akamtazama Ndola, na Ndola akatazama barabara.